Mvuke wa petroli na alama zinazoandikwa kwenye vinasaba

Mtazame mhudumu wa kituo cha mafuta anapojaza tangi la bodaboda. Dereva hajashuka, kifuniko kiko mbele ya paja lake, mdomo wa tangi ni mpana kuliko nozo, na mhudumu anainama ili aone mafuta yamefika wapi. Kati ya pua yake na lile tundu kuna shubiri mbili, pengine moja na nusu. Jua likiwa kali utaona hewa juu ya tundu inachezacheza kama ile ya juu ya lami saa saba mchana. Huo ndio mvuke wa petroli ukitoka. Tangi tunaloliita tupu limejaa mvuke, na kila lita ya mafuta inayoingia inasukuma nje karibu lita moja ya mvuke huo, usoni pa aliyeinama.

Humo mna benzini, kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu tamutamu, kinachochemka kwenye nyuzi 80 za Selsiasi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa karibu mara 2.7, hivyo pasipo upepo hushuka na kutuama mahali pa chini: kwenye shimo la kukagulia magari gereji, kwenye mdomo wa tangi la ardhini, ndani ya kibanda chenye mlango mmoja na hakina dirisha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka benzini katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Inayojulikana zaidi ni saratani ya damu.

Tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu mtu hudhani mvuke ni harufu tu. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha benzini ndani ya petroli kuwa asilimia 1 ya ujazo kuanzia mwaka 2000. Chukua petroli ya kiwango hicho, kwenye joto la nyuzi 30. Hewa iliyoshiba mvuke ndani ya tangi itakuwa na benzini kama sehemu 2,000 katika milioni. Ukijaza lita 40, unasukuma nje benzini ya kama robo gramu. Ili robo gramu hiyo ichanganyike na hewa mpaka ishuke kufikia sehemu 1 katika milioni, ambacho ndicho kikomo cha kisheria cha Marekani kwa kazi ya saa 8, zinahitajika mita za ujazo 80 za hewa safi. Hiyo ni zaidi ya hewa yote ya chumba cha mita 5 kwa 5 chenye dari ya mita 3, kwa gari moja tu.

Kuna sababu ya benzini na jamaa zake kuwemo kwenye petroli. Zamani okteni, yaani uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati wake ndani ya injini, iliinuliwa kwa kutia madini ya risasi. Mkutano wa Dakar wa Juni 2001 uliamua risasi iondoke, na kufikia mwanzo wa 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuuza petroli yenye risasi. Ulikuwa uamuzi sahihi kabisa, watoto wengi wameokolewa na sumu ya risasi. Lakini okteni ilibidi itoke kwingine, na njia mojawapo ni kuongeza viambata vya aromatiki, ukoo uleule wa benzini. Ndiyo maana nchi zilizoondoa risasi hulazimika pia kuweka kikomo cha benzini na kukipima.

Kilichoonekana Milan

Mwaka 2007 Valentina Bollati na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Milan, Italia. Walichukua damu ya wahudumu 78 wa vituo vya mafuta, askari 77 wa usalama barabarani, na watu 58 ambao kazi zao haziwakutanishi na benzini. Hewa waliyoivuta ilipimwa pia. Kiwango cha juu kabisa kilikuwa maikrogramu 478 kwa mita ya ujazo, yaani kama sehemu 0.15 katika milioni. Kikomo cha kisheria nimekwisha kukitaja: sehemu 1. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefika robo yake.

Hata hivyo vinasaba vyao havikuwa sawa. Kadiri benzini hewani ilivyozidi, ndivyo alama za methili, vikundi vidogo vya kikemikali vinavyogandishwa kwenye vinasaba na nitakavyovieleza hapa chini, zilivyopungua kwenye sehemu mbili za vinasaba zinazojirudiarudia, LINE-1 na Alu. Kila benzini ilipozidi mara 10, alama za LINE-1 zilipungua kwa asilimia 2.33 na za Alu kwa asilimia 1. Wakati huohuo jeni moja iitwayo p15 iliongezewa alama, na nyingine, MAGE-1, ikapunguziwa. Watu hawa walikuwa wazima, wanakwenda kazini kila siku.

Hapa ndipo pa kusimama, kwa sababu picha hii, yaani kupungua kwa jumla na kuongezeka mahali maalumu, inafanana na picha inayoonekana kwenye seli za saratani ya damu.

Sukuni juu ya herufi

Vinasaba ni maandishi marefu ya herufi nne: A, T, G na C. Aliyejifunza kusoma chuoni kwa herufi za Kiarabu ataelewa haraka jambo linalofuata. Herufi moja ukiitia fataha inasomeka hivi, ukiitia kasra inasomeka vile, ukiitia sukuni inakosa irabu. Herufi ni ileile, alama iliyo juu au chini yake ndiyo iliyogeuza usomaji. Epijenetiki ni elimu ya alama za namna hiyo kwenye vinasaba.

Alama inayofahamika zaidi ni kundi dogo la methili, kaboni moja na hidrojeni tatu, linalogandishwa kwenye herufi C iliyofuatwa na G. Mahali pa namna hiyo ni kama milioni 28 katika vinasaba vya binadamu, na pengi pana alama. Alama zikijazana mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo kwa kawaida hunyamazishwa. Kazi hii ndiyo inayofanya seli ya ini iwe ini na seli ya ngozi iwe ngozi, ingawa zote zimebeba maandishi yaleyale.

LINE-1 peke yake ni karibu asilimia 17 ya maandishi yote, na mwili huiweka kimya kwa alama. Alama zikipungua, vipande hivyo huanza kuamka na vinasaba hupoteza utulivu. Kwa upande wa pili, p15 ni breki: huizuia seli isigawanyike ovyo. Ikijazwa alama, breki inalegea.

Kwa nini uboho wa mifupa, unakotengenezwa damu, ndio unaoumia zaidi? Kwanza ni njia ya kikemikali. Benzini ikiingia mapafuni, kama nusu yake hubaki mwilini. Kwenye ini, kimeng'enya CYP2E1 huigeuza kuwa oksidi ya benzini, kisha fenoli, haidrokwinoni na katekoli. Hizi husafiri mpaka kwenye uboho, ambako kimeng'enya kingine, mieloperoksidasi, huzigeuza kuwa benzokwinoni, sumu kali inayogonga protini na vinasaba. Pili ni wingi wa kazi yenyewe. Uboho huzalisha chembe nyekundu kama bilioni 200 kila siku, na kila seli inapogawanyika, kimeng'enya DNMT1 hulazimika kunakili alama zote kutoka uzi wa zamani kwenda uzi mpya. Mwandishi anayenakili mfululizo huku moshi ukimwingia machoni atakosea, na kosa lililoingia kwenye seli mama hurithiwa na seli zote zitakazotoka humo.

Namba hizi zisomwe vipi

Kuna makosa mawili ambayo hata wasomi huyafanya. La kwanza ni kusahau kwamba damu ni mchanganyiko. Limfosaiti na nyutrofili ni aina za seli nyeupe, na kila moja ina mpangilio wake wa alama. Benzini hupunguza limfosaiti. Kwa hiyo ukipima damu nzima ya mfanyakazi ukakuta alama zimebadilika, huenda hakuna seli hata moja iliyobadilika, bali uwiano wa seli ndio uliobadilika. Mtafiti asiyehesabu aina za seli nyeupe katika sampuli ileile aliyoipima amechapisha kitendawili. Maabara nayo ina mtego wake: kemikali ya sodiamu baisulfaiti inatakiwa igeuze kila C isiyo na alama kuwa herufi nyingine, U, na kuiacha yenye alama ilivyo. Mageuzi yasipokamilika, C tupu huhesabiwa kana kwamba zina alama, na matokeo yote hupanda juu bila sababu. Kila kundi la sampuli lazima liwe na kidhibiti ambacho jibu lake linajulikana tangu mwanzo.

Kosa la pili ni kumfanya mtu mmoja asome majaliwa yake kwenye asilimia 2. Tofauti ile ya Milan ni ya makundi. Hakuna daktari anayeweza kuchukua alama zako za LINE-1 akakuambia utaugua au hutaugua. Vipimo vya kibiashara vinavyodai kukuonyesha umri wa vinasaba vyako visikutoe pesa. Kwa mhudumu wa pampu, fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye kipimo cha kawaida cha damu, na nitakieleza hapa chini.

Matokeo ya Milan hayasimami peke yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, kwenye viwanda vya viatu vya Tianjin nchini China, wafanyakazi 250 waliotumia gundi zenye benzini walilinganishwa na wengine 140. Seli nyeupe na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zilikuwa pungufu hata kwa wale waliovuta chini ya sehemu 1 katika milioni. Kabla ya hapo, miaka ya 1970, Muzaffer Aksoy alikuwa amekwisha kuonyesha saratani ya damu ikiwapata mafundi viatu wa Istanbul. Gundi, thina na petroli zina historia moja.

Je, alama zikiharibika ndiyo basi? Tunalo somo la wavuta sigara, na sigara yenyewe ina benzini. Jeni iitwayo AHRR hupoteza alama kwa mvutaji, na akiacha, alama hurudi taratibu kwa miaka. Kupunguza mvuke leo kuna maana hata kwa aliyefanya kazi miaka 15.

Na watoto? Kiinitete kinapoanza kukua hufuta sehemu kubwa ya alama za wazazi na kuandika upya, kwa hiyo hofu ya kwamba baba fundi gereji atamrithisha mwanawe alama zilizoharibika haina ushahidi wa kutosha kwa binadamu. Ujauzito wenyewe ndio wa kuangaliwa sana. Benzini hupita kwenye kondo la nyuma, na mtoto yuko katika wakati uleule wa kuandika alama zake. Mkataba wa benzini wa Shirika la Kazi Duniani, namba 136 wa mwaka 1971, unakataza mjamzito aliyethibitishwa na daktari na mama anayenyonyesha kuwekwa kwenye kazi za benzini au bidhaa zenye zaidi ya asilimia 1 yake. Mama mjamzito ahamishiwe kazi nyingine kituoni, mbali na pampu, kwa mshahara uleule.

Pa kuanzia ni kwenye mvuke wenyewe

Watu huanza na barakoa. Barakoa iwe ya mwisho.

Anza na ushushaji wa mafuta kutoka kwenye lori. Lori likimwaga lita 10,000 kwenye tangi la ardhini, lita 10,000 za mvuke lazima zitoke mahali. Dawa yake ni mpira wa pili unaorudisha mvuke kutoka tangini kwenda kwenye lori. Pasipo mpira huo, mvuke wote hutokea kwenye bomba la kupumulia, na wafanyakazi wasio na kazi pale wakae upande upepo unakotoka mpaka kazi iishe. Anayedipu, yaani anayepima kina cha mafuta tangini kwa mti, asifungue kifuniko na kuchungulia papo hapo: afungue, asogee nyuma upande upepo unakotoka, asubiri, kisha adipu akiwa amesimama wima, na uso wake usiwe juu ya tundu.

Kwenye pampu, nozo ikikata mara ya kwanza, acha. Tabia ya kuongezea kidogo kidogo ili bei ifike namba kamili ndiyo inayomwaga mafuta kwenye bodi na kwenye viatu. Mafuta yaliyomwagika yafunikwe mara moja kwa mchanga mkavu, uzolewe na kutiwa kwenye chombo chenye mfuniko. Ukiuacha wazi, mchanga huo unaendelea kuvukiza. Kwa bodaboda, dereva ashuke, pikipiki iegeshwe, mhudumu asimame kwa urefu wa mkono akiupa upepo mgongo au ubavu. Kiti cha mhudumu kisiwekwe katikati ya pampu mbili, na chakula kisiliwe hapo.

Jambo la zamu halizungumzwi vya kutosha. Vikomo vya hewa vimewekwa kwa saa 8 za kazi na saa 16 za mwili kujisafisha. Zamu ya saa 12 huongeza saa za kuvuta na kupunguza za kujisafisha kwa pamoja, na kanuni ya kurekebisha inayotumiwa na wapimaji hufanya kikomo kishuke nusu: 8 kwa 12, mara 12 kwa 16. Mwajiri mwenye zamu ya saa 12 anayejivunia sehemu 0.9 katika milioni amevuka kikomo.

Gereji ina mazoea mawili ya kuachwa leo. Moja ni kunawa mikono kwa petroli. Petroli inaondoa grisi kweli, lakini inaondoa pia mafuta ya ngozi, ngozi inapasuka, na kila siku inayofuata inapitisha zaidi. Paka mafuta ya kupikia mikono ikiwa mikavu, sugua na sukari au unga wa mbao kwa dakika moja, kisha maji na sabuni. Kabureta na cheni zioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya kuondoa grisi. Ikishindikana, mafuta ya taa yana benzini kidogo mno kuliko petroli, ingawa nayo huchubua ngozi na yanahitaji glavu. Glavu ziwe za nitrile nene. Zile nyembamba za kuvaa na kutupa hupitisha baada ya dakika chache zikilowa, na za mpira wa kawaida ni mbaya zaidi.

Zoea la pili ni kunyonya mafuta kwa mdomo kupitia mpira. Matone machache yakienda mapafuni huleta nimonia ya kikemikali inayoweza kuua ndani ya siku chache. Tumia pampu ya mkono. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu mafuta yakipanda ndipo huingia mapafuni, apelekwe hospitali. Na maziwa, ambayo mafundi rangi na wafanyakazi wengi hupewa ili yaondoe sumu, hayaondoi kitu hapa. Benzini imeingia kwa mapafu na iko kwenye damu, maziwa yako tumboni. Yanyweni kama chakula, lakini yasichukuliwe kuwa kinga, na mwajiri asihesabu paketi ya maziwa kuwa ametimiza wajibu.

Barakoa ya kitambaa, ya hospitali na hata ile ya vumbi haizuii mvuke. Inayofaa ni ya mpira yenye kichujio cha kaboni. Kwa mfumo wa Ulaya tafuta aina A yenye mstari wa kahawia. Kichujio kikiachwa wazi juu ya meza kinaendelea kunyonya mvuke wa gereji usiku kucha na asubuhi kimekwisha, kwa hiyo kitiwe kwenye mfuko usiopitisha hewa. Ndevu pembeni ya barakoa hufungua njia. Ovaroli iliyolowa petroli ivuliwe palepale, na isifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Damu, mkojo na hewa

Kipimo cha kwanza kifanyike kabla mtu hajaanza kazi: picha kamili ya damu, pamoja na mgawanyo wa seli nyeupe. Kisha kila mwaka. Angalia limfosaiti, jumla ya seli nyeupe, chembe sahani, na ukubwa wa chembe nyekundu. Kipimo cha mwanzo kina uzito wa pekee kwetu. Waafrika wengi hawana protini iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu, na watu hao kwa asili huwa na nyutrofili chache kuliko viwango vilivyotokana na Wazungu, wakiwa wazima kabisa. Ukimlinganisha mhudumu na viwango vya kitabu, utamtia hofu mtu asiye na tatizo, au utazoea kuona namba ndogo mpaka uipite ya mgonjwa. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana.

Mkojo uchukuliwe mwisho wa zamu. Kipimo bora ni asidi ya S-fenilimerkapturiki, mojawapo ya mabaki ya benzini yanayotoka na mkojo. Kile cha asidi ya mukoniki ni rahisi zaidi, ila hudanganywa na asidi ya sobiki, kihifadhi kilichomo kwenye soda na jamu nyingi: tafuta E200 hadi E203 kwenye lebo, na uviepuke siku mbili kabla. Mvuta sigara ajulikane ni mvuta sigara kabla majibu hayajasomwa.

Hewa hupimwa kwa beji ya kunasa mvuke inayovaliwa kolani zamu nzima, au kwa kibomba cha mkaa chenye pampu ndogo. Kwa mililita 50 kwa dakika, saa 8 ni lita 24 za hewa, inatosha. Kifaa kikivaliwa mfukoni badala ya kolani, kimepima mfuko. Na kipimo cha siku ambayo hakuna lori lililoshusha mafuta hakionyeshi siku mbaya zaidi.

Tanzania Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi namba 5 ya mwaka 2003 inasimamiwa na wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, OSHA, na magonjwa yatokanayo na kazi hulipwa fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kenya ina sheria yake ya 2007 chini ya idara ya usalama na afya kazini, DOSHS. Saratani ya damu huweza kuja miaka kadhaa baadaye, wakati kituo kimekwisha kuuzwa na rangi zake kubadilishwa, na hapo ndipo madai mengi hukwama. Kwa hiyo kila mhudumu awe na daftari moja: jina la kituo, tarehe ya kuanza na kuacha, kazi aliyofanya, saa za zamu, majibu ya damu ya kila mwaka na ya hewa kama yalipimwa. Nakala moja ikae nyumbani, na karatasi za damu zipigwe picha siku hiyohiyo, maana maandishi ya baadhi ya mashine za maabara hufifia.